Nimemezwa na Bunduki ya Injinia

Jana usiku nimeota nimemezwa na bunduki. Afadhali ingekuwa bunduki ya maana, yenye heshima yake, ikilia mpaka ng'ambo ya mto wanajua kuna jambo. Nilimezwa na bunduki ya Injinia Mtui, ile inayokohoa.

Lakini kabla ya ndoto, jueni kwanza nililala na nini kifuani.

Mimi ni Mshamu Lipinga, mchinjaji wa kambi ya uwindaji ya Nambunju. Kazi yangu ni kukimbia. Bunduki ikilia, mimi mbio. Mnyama nimkute bado anapumua, nimwelekeze kibla, nitaje jina la Mungu, nipitishe kisu. Nikimkuta ameshakata roho, hicho ni kibudu, hakiliwi na Mwislamu, nami hurudisha kisu alani nikaenda zangu. Kijijini kwetu Nahoro watu wakiambiwa "kachinja Mshamu", hata shehe hunawa mikono bila kuuliza swali la pili.

Sasa huyu Injinia. Katoka mjini na bunduki ndefu, na mdomoni kaivisha sailensa, bomba nene utadhani la pikipiki. Risasi zake nazo, anasema, ni za polepole. Makusudi! Juzi kutwa katuhubiria mezani: "Mzee Mshamu, risasi ya kawaida inaipita sauti mbio, ndiyo maana inapasua hewa, pa! Hii yangu inakwenda polepole kuliko sauti. Hewa haipasuki. Mnyama hasikii kitu." Mwanaume mzima, na digrii yake, anajisifia kwamba kitu chake kinakwenda polepole.

Nikamwuliza, "Sasa ikienda polepole si itaanguka njiani?"

Akacheka, akatoa simu. Kumbe simu ndiyo inayomwambia alenge wapi. Kongoni akiwa mbali, Injinia analenga juu kabisa, mawinguni, ili risasi ipande kwanza halafu imshukie. Watoto wa Nahoro wakiangua ukwaju kwa mawe hufanya hivyo hivyo, tena bila simu.

Jana alasiri akalala kifudifudi juu ya kilima, mimi nimechuchumaa nyuma yake, miguu tayari, nasubiri mlio. Kongoni yuko ng'ambo ya bonde, wa kuonekana kwa darubini tu. Nasubiri. Nikasikia mtu anakohoa.

"Pole, Injinia," nikamwambia. "Ni vumbi hilo."

"Pole ya nini? Nenda! Nimeshampiga!"

Basi nikakimbia bonde zima, mzee wa watu, magoti yanalia kuliko bunduki yake. Nilipofika kongoni alikuwa amelala na majani mdomoni, nzi wameshatua machoni. Kibudu. Nikarudisha kisu alani kikiwa kikavu.

Injinia akaja na gari, akiendeshwa na Ngoe, dereva wa kambi. Nikamwambia huyu kafa kabla sijafika. Bwana Injinia akatoa kisu chake cha kukunja, akamkata marehemu shingo mwenyewe, akapangusa kisu kwenye majani. Kisha akashusha sauti, maana huyu bwana hata maneno yake huyavisha sailensa.

"Mzee Mshamu, huyu ni zawadi yangu ya harusi ya binti yako. Kesho asubuhi Ngoe anaipeleka nyama Nahoro. Wewe waambie umechinja. Nani atajua? We nyamaza tu. Au utamnyima mwanao nyama siku ya harusi yake?"

Ngoe alikuwa anatazama tairi la gari lake kana kwamba analiona leo.

Na ni kweli, Somoe wangu anaolewa leo. Wakwe wanatoka mbali, ni watu wa kuhesabu minofu kwenye sahani ya mwenzao. Kuku wangu wote waliondoka na kideri mwezi uliopita. Pilau bila nyama, mbele ya wakwe wale! Nikasema, "Nitalala nalo." Nikaingia hemani na shati langu mwilini, lile ambalo Somoe alinishonea kifungo cha shingoni kwa uzi wa kijani, kwa sababu uzi mweupe wote ulikuwa umemalizwa na nguo za bibi harusi.

Nikalala nalo. Na ndipo yakaanza.

Nipo kambini, kwenye meza ya chakula. Injinia kalala kifudifudi juu ya meza, kati ya chapati na birika la chai, bunduki mbele yake. Hakuna anayeshangaa. Mimi mwenyewe nasogeza sukari ili asiimwage kwa kiwiko.

"Shikamoo," sailensa inaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuposa.

"Marahaba."

"Mzee, una sauti?"

"Ninayo."

"Hebu tuione."

Nafungua kinywa niseme "nyama ile ni kibudu", na sailensa inavuta pumzi. Fyuu! Sauti yangu hiyo, imekwenda. Naisikia ikigonga ukuta mmoja, ukuta wa pili, huko ndani ya bomba, halafu kimya. Injinia anatazama simu yake.

"Imeingia," anasema, na anakula chapati.

Kisha analenga. Analenga paa la banda. Simu inamwambia juu zaidi. Analenga mwezi. Juu zaidi. Anajipinda mpaka analenga nyuma ya kisogo chake mwenyewe, na simu inasema hapo hapo. Bunduki inakohoa.

Risasi inatoka kwa kushika ukingo wa mtutu, mguu mmoja kwanza, halafu mwingine, kama mama anayeshuka kitandani. Ni mama kweli, mfupi, mnene, kavaa shaba mwili mzima, na kichwani amejitwika sufuria kubwa lenye kifuniko. Anajinyoosha mgongo. Anaanza safari.

Namfuata. Namfikia kwa hatua za kawaida, wala sihemi.

"Mama, unakwenda wapi?" nauliza. Sauti sina, lakini yeye anasikia, maana kwao huko wote huongea hivyo.

"Nahoro. Harusini."

"Na hilo sufuria?"

"Nyama ya pilau. Zawadi ya Injinia."

Tumo barabarani sasa, barabara ya lami aliyoijenga Injinia mwenyewe, kwa hiyo tunaruka mashimo. Namwambia mama wa shaba akaze mwendo basi tujue moja. Anasimama. Amekasirika.

"Mimi sikimbii. Nikikimbia nitapasua hewa, na hewa ikipasuka kila mtu atajua kuna mtu kauawa. Mimi nimeumbwa kwenda taratibu, nifike, nimalize, na asisikie yeyote."

"Hata watakaokula?"

"Hasa hao."

Kifuniko cha sufuria kinainuka. Kongoni anachungulia, majani yangali mdomoni.

"Wewe ndiye Mshamu?" ananiuliza.

"Ndiye mimi."

"Nimekungoja. Wenzangu wote waliokufa kwako walisikia mlio, wakakuona unakuja mbio, wakaambiwa jina la Mungu. Mimi nilikuwa nakula. Nikafa. Hakuna aliyenijulisha. Hivi mimi ni mnyama au ni taka?"

Nasema, "Pole." Anatema majani, anashusha kifuniko. Haya niliyoiona pale, wallahi, hata nilipoamka ilikuwa bado usoni.

"Mama," namwambia risasi, "mimi nikipata sauti yangu, nitawaambia wasile."

"Mpaka uipate."

"Nikiipata?"

Mama wa shaba anapumua kwa unyonge. "Ukiipata mimi sina ujanja. Sauti ni mwepesi kuliko mimi. Akitoka hata dakika hii atanipita, atafika Nahoro kabla sijafika. Ndivyo nilivyoumbwa. Muulize Injinia, si ndilo analojisifia?"

Nikageuka pale pale. Barabara ya lami ikawa meza, na mwisho wa meza ipo sailensa, tundu lake halipiti kidole. Naingiza kidole. Naingiza mkono. Anaingia Mshamu mzima.

Ndani ni ukumbi mrefu mweusi wenye kuta nyingi za kukingama, na kila ukuta una tundu katikati. Kati ya ukuta na ukuta kuna mabenchi, na kwenye mabenchi wamekaa wageni. Bibi mmoja, mweusi kwa masizi mpaka meno, anafagia kwa ufagio wa nyoya.

"Vua viatu," ananiambia. "Hapa hakuna kishindo."

"Bibi, natafuta sauti yangu."

"Zote zimo. Kunywa chai."

Anamimina chai isiyosikika ikimiminika. Naonja. Haina hata ladha, kwa kuogopa kusumbua.

Benchi la kwanza pana jitu limejikunja, magoti masikioni, kichwa kinagusa dari. Namwuliza wewe nani.

"Mimi ni Mlio," linajibu kwa mnong'ono, na machozi yanalilenga. "Mlio wa bunduki. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu: jamani, hapa kauawa mtu, njooni muone. Mlio wa babu yangu ulikuwa ukitikisa vikombe hadi kijiji cha tatu. Nitazame mimi. Nafundishwa kukohoa."

Benchi la pili, lo! Sauti ya Ngoe hiyo hapo, kofia ya Ngoe kichwani, inaangalia sakafu.

"Na wewe?"

"Niliambiwa ninyamaze tu, nina watoto," inasema. "Nikanyamaza. Hapa si pabaya, Mzee Mshamu. Utazoea."

Sauti yangu nimeikuta benchi la mwisho. Imevaa shati langu, kifungo cha uzi wa kijani shingoni, imekunja nne, inakunywa chai.

"Inuka twende," nimeiambia.

"Siendi."

"Ebo! Wewe si wangu?"

"Ni wako, na ndiyo maana nakaa. Ukinitoa hapa nitasema nini? Kwamba Somoe aolewe kwa wali mkavu? Mama mkwe atazunguka na habari hiyo mpaka wajukuu waote meno. Kaa. Injinia ameshaikata shingo. Inafanana tu."

"Inafanana na nini?"

"Na yako. Mkato ni mkato."

Hapo nilipandwa na hasira, nawaambieni. Injinia kunidharau sawa, yeye ni mtu wa mjini, hata viatu vyake vinatudharau. Lakini nidharauliwe na sauti yangu mwenyewe, ndani ya bomba, kwa chai isiyo na sukari!

Kwenye ukuta wa mwisho kuna tundu la kutokea. Nachungulia. Pale tundu limegeuka darubini ya Injinia, na naiona Nahoro, karibu kiasi cha kugusa. Turubai limefungwa. Somoe kakaa kwenye mkeka, hina mpaka viwikoni, na wakwe wamejipanga mbele ya sinia. Njiani anakuja mama wa shaba, taratibu, sufuria kichwani, anawaamkia watu kwa kichwa tu. Anapita langoni na hakuna anayegeuka. Shehe amekunja mikono ya kanzu.

"Nani kachinja?" shehe anauliza, kwa desturi tu.

"Mshamu," wote wanajibu.

"Alhamdulillahi. Leteni."

Na Somoe wangu anatabasamu. Hicho ndicho kilichonikata maini. Anatabasamu kwa fahari, kwa sababu jina la baba yake limetajwa na shehe hakuuliza la pili.

Nimeikamata ile sauti ukosi. Imeng'ang'ania benchi. Navuta, inavuta. Bibi wa masizi anatupiga na ufagio wa nyoya, pigo ambalo halisikiki wala haliumi. Ukosi unachanika, tap, kifungo kinaruka, kinabiringika chini ya benchi na kupotelea gizani.

"Kifungo cha mwanao hicho," sauti inasema, na kwa mara ya kwanza inakosa raha.

"Kiache. Yeye mwenyewe yuko pale, anataka kulishwa kibudu."

Ikatazama kwenye tundu. Ikamwona Somoe. Ikaweka kikombe chini.

"Tundu dogo," ikasema. "Hatutoki."

"Nyie mnanichekesha," likasema jitu la benchi la kwanza, na safari hii halikunong'ona. "Mnatafuta wa kuwasukuma, na mimi nimekaa hapa tangu nizaliwe nasubiri mtu aseme tutoke." Mlio akajikunjua. Kuta zikaanza kupinda. Bibi wa masizi akapiga magoti, akatusihi tufikirie majirani. Sauti ya Ngoe ikainuka benchini, ikavua kofia, ikatushika kwa nyuma.

Tukatoka.

PAAA! Jamani, mlio gani ule! Birika la Injinia likapasuka. Injinia mwenyewe akaanguka mezani pamoja na chapati. Sauti yangu mbele, Mlio nyuma, tunaikata barabara ya lami juu kwa juu. Tukampita mama wa shaba, hatua moja kabla ya sinia. Alipotuona akasogea pembeni kwa adabu zake.

"Piteni, piteni," akasema. "Mimi siwawezi."

"MSILE!" sauti yangu ikalia juu ya turubai. "SIKUCHINJA MIMI! NI KIBUDU!"

Shehe akarudisha mkono. Mama mkwe akafungua kinywa. Somoe akainua uso, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona, na alikuwa anataka kuniambia kitu.

Nikaamka.

Asubuhi imeshapambazuka, na koo langu kavu kama nimekesha nafukuza ngedere shambani. Nje gari linaunguruma. Nikatoka hemani pekupeku. Ngoe alikuwa ameshafunga nyama nyuma ya gari, kaifunika na majani ya mgomba, kofia kichwani, macho kwenye usukani. Gari likaanza kuondoka.

Injinia yuko mezani anakunywa chai, mbele yake kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa ile sailensa. Anaisafisha kwa kijiti na tambara, kwa mapenzi ambayo sidhani mkewe ameyaona. Aliponiona akaweka kidole mdomoni, akanikonyeza.

"Umelala nalo?" akaninong'oneza.

"Nimelala nalo."

"Safi sana." Akasukuma kijiti, kikakwama. Akasukuma tena. Kitu kidogo kikatoka upande wa pili, kikadondoka juu ya kile kitambaa cheupe, kikazunguka, kikalala. Kifungo cha shati. Cheusi kwa masizi, na matunduni kimening'iniza kipande cha uzi wa kijani.

"Hiki nacho kimeingiaje?" akasema Injinia. Akaishika sailensa akaigeuza, akachungulia ndani kwa jicho moja, mtu na digrii yake.

Nikajishika shingoni. Ukosi umechanika. Kifungo hakipo.

Gari la Ngoe lilikuwa limeshafika mteremkoni, linakwenda Nahoro, taratibu, mdogomdogo, kama kitu kisichotaka kusikika. Nikasimama juu ya benchi la Injinia na miguu yangu michafu.

"NGOE! SIMAMA! SIKUCHINJA MIMI! NI KIBUDU!"

Sijapata kupiga ukelele kama ule tangu nizaliwe. Injinia akamwaga chai kwenye darubini yake. Wapagazi wakatoka mahemani na miswaki mdomoni. Sauti ikashuka mteremko, ikalifikia gari, ikalipita, nikaisikia inagonga kilima cha mbele na kurudi.

Gari likasimama. Ngoe akashuka, akavua kofia, akatutazama kutoka kule chini.

"HATA MIMI NILIONA!" akapiga kelele, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "INJINIA MWENYEWE ALIMKATA SHINGO, AMESHAKUFA!"

"Mzee Mshamu," Injinia akasema, uso umemwiva, "sasa binti yako atakula nini?"

"Maharage," nikamwambia. "Tena nitakaa mbele, nimwangalie mama mkwe machoni."

Nikainama nikachukua kifungo changu pale kwenye kitambaa ili Somoe anishonee kabla wageni hawajafika. Kilikuwa bado cha moto.